Jukwaa la Watoto Liko Mezani

Mheshimiwa naibu wangu. Mheshimiwa msaidizi wa naibu wangu. Mheshimiwa dereva wa msaidizi. Ndugu wajumbe wa Jukwaa. Mwalimu wa chekechea. Akina mama mliobeba watoto na akina mama mliobebwa na usingizi. Na wewe mtoto uliyevalishwa manyoya ya karatasi: itifaki imezingatiwa, na iliyosahaulika itazingatiwa awamu ijayo. (Makofi ya naibu.)

Nimepanda hapa kuzindua rasmi mradi endelevu, kwa maana ya kwamba unaendelea, wa Jukwaa la Michezo ya Kuigiza ya Watoto Wadogo. Najua watoto wana mchezo wao wa kuku aliyeogopa mvua, wamejifunza mwezi mzima na wanangoja niteremke waanze, na naona yule anayeigiza mvua ameanza kubana miguu. (Mvua: Mama, mkojo. Mama yake: Usinyeshe kwanza, mwanangu, twende nyuma. Kicheko.) Tuwe na nidhamu, hotuba haijakolea.

Mlipokuja ofisini mkaniambia, "Mheshimiwa, watoto wanaigizia chini, wa nyuma hawaoni kitu, tunaomba jukwaa," nilitokwa na machozi ya kiutendaji. Mara moja tukafanya fizibiliti, yaani upembuzi yakinifu, tukafanya kapasiti-bilding, yaani kujijengea uwezo, kwenye hoteli tulivu, na leo natangaza kwamba Jukwaa lipo: lina mwenyekiti, ambaye ni mimi, lina makamu, makatibu wawili na kamati ndogo ya vitafunwa, na asilimia mia moja na nane ya wajumbe wake waliwahi kuwa watoto.

(Fundi cherehani, mama wa kuku: Mheshimiwa, sisi tuliomba la mbao.)

Mama, hilo ni wazo zuri la zamani. Jukwaa la mbao huliwa na mchwa. Jukwaa la wadau haliliwi. (Sauti ya nyuma: Linakula. Kicheko kirefu.) Naibu, andika kwamba wananchi wamefurahi.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba; haba ya kwanza ni mimi, ya pili iko kwenye mchakato. Wala suala la mbao hatukulitupa, ndugu zangu. Liko mezani. (Kuku: Meza gani?) Swali zuri, kuku, litajibiwa kwa maandishi.

Nahitimisha kwa mara ya tatu. Watoto! (Kuku anapiga miayo.) Jukwaani! (Mtoto anapiga chafya.) Sifa! (Naibu: Kwa mheshimiwa!)

Mwisho wa mwisho, namshukuru fundi cherehani kwa kutuazima meza yake ya kukatia nguo, hii niliyosimama juu yake, maana bila meza hii ningezindua mradi nikiwa chini kama nyinyi. Namshukuru jirani yake kwa shuka la kitanda lililokaimu nafasi ya pazia. Na ninyi nyote nawashukuru kwa kuushangilia mradi ambao, Mungu akijalia, ipo siku tutauanza.

(Fundi: Asante, mheshimiwa. Sasa shuka, baba.)

Kwa mujibu wa ratiba, mama, bado nina salamu za...

(Fundi: Salamu zimefika. Meza ni yangu na watoto wamechoka. Nipe mkono, shuka taratibu, mguu wa meza wa huku umelegea.) (Mheshimiwa anashuka. Kuku anapanda mezani, anatikisa manyoya, na makofi yanaanza kabla hajasema neno.)