Jino la Justina, na Langu

Ushirombo, Jumatatu, 2 Juni 1986

Kalisti wa jirani atakoma! Tangu mwanawe Herman aanze kupanda ng'ombe, hatupumui kwa majivuno yake. Leo nimempandisha Justina wangu, miaka minne tu, juu ya ndama. Kapanda vizuri sana. Kushuka ndiko kulikoharibika. Jino la mbele limetoka zima, damu tele. Na mama yake anarudi kutoka Kharumwa keshokutwa!

Jumanne, 3 Juni

Mpango: kulirudisha jino kwa nta ya nyuki kabla mke wangu Coletha hajafika. Justina kaning'ata kidole. Ikabidi zahanati. Nesi Zipora kanitazama kama mwizi wa kuku. Eti jino la utoto likitoka halirudishwi, nitaumiza la ukubwani lililojificha chini yake. Na huenda hilo limeshagongwa: litachelewa, litoke na madoa, au litoke upande. Nikauliza tutajua lini. Miaka mitatu! Nimeona aibu. Nimeogopa pia. Mtoto mwenyewe ananichekea na pengo lake.

Jumatano, 4 Juni

Nimelirusha jino juu ya paa, jipya lije upesi, kama mama alivyotufundisha. Coletha kafika saa kumi. Nikamweleza kwamba ndama ndiye aliyeanza. Hakuamini. Akasema mtoto hurusha jino lake mwenyewe, la kurushiwa na baba halihesabiki. Kesho nipande nikalitafute.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepanda. Nimelipata kwenye nyasi za paa. Nikageuka nimwonyeshe Coletha. Yaliyofuata sikumbuki vizuri, ila Kalisti alikuwa anaangalia. Jino langu la mbele nje, na mzizi wake! Coletha akasema twende zahanati sasa hivi. Nikakataa. Mimi si mjinga, nimeshafundishwa: jino halirudishwi. Justina akarusha lake, nami langu. Langu limefika mbali zaidi.

Jumapili, 8 Juni

Nesi Zipora kanikuta nje ya kanisa. Kacheka hadi akakaa chini. Eti la mtu mzima ndilo hurudishwa! Ningelikimbiza pale pale ndani ya kikombe cha maziwa, labda lingeshika. Akamkagua Justina: ufizi hauna uvimbe, nimrudishe baada ya mwezi. Nimemshukuru Mungu kwa moyo wote.

Kuhusu langu sikubishana naye. Zipora ni mgeni hapa, hajui paa zetu. Justina ni mdogo, atasubiri miaka mitatu. Mimi nina mwili mkubwa. Najipa miezi sita.