Sherehe Isiyoacha Taka

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya tatu ya ndoa! Leo mume wangu amenitengea maji ya kuoga kabla hajaenda kwenye miche yake. Maji yalikuwa baridi kama ya kisimani. Haidhuru. Aliyeyatenga ni yeye!

Nimeamua kuwa mke wa faida. Biashara nimeshaichagua: kuandaa sherehe zinazotunza mazingira. Hakuna plastiki, hakuna jenereta, hakuna taka. Muuguzi mkuu wa hospitali anastaafu, anaagwa Jumamosi, na kamati ya wafanyakazi inatafuta mpambaji. Mshindani wangu ni mmoja tu, Mama Baluni wa pale kona, ambaye hujaza ukumbi maputo mpaka bibi harusi atafutwe.

Nimeandika tangazo kwa mkono wangu, nakala arobaini, nikabandika hospitali nzima hadi mlango wa chumba cha maiti. Mstari wa mwisho ndio utamu wenyewe: kila mgeni ataondoka na mche hai mkononi!

Nitaotesha nyanya kwenye makopo. Mume wangu akasema nyanya huchukua wiki na zaidi kuchomoza. Akaongeza, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba mbegu haziambiwi fanya haraka. Nimempenda upya.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata kazi! Mama Baluni kaukosa mkate. Tulikutana dukani, akaniuliza mbele za watu kama wageni watakula majani au watalishwa udongo. Nikamjibu kwamba maputo hupasuka, dada yangu, mapenzi hayapasuki. Muuza duka alicheka. Sijajua alimcheka nani.

Makopo mia mbili na arobaini yamepangwa dirishani na ukutani. Hayajaota. Nimeyaimbia.

Ijumaa, 7 Machi

Huzuni. Mume wangu amesafiri kwa dada yake, wifi yangu, kuziba paa linalovuja. Atarudi Jumapili. Nilimsindikiza hadi kituoni nikilia. Akaniambia jamani, ni siku mbili tu. Siku mbili! Wengine wamekufa kwa chini ya hapo.

Kabla ya kuondoka alinipeleka kwenye kitalu chake nyuma ya nyumba, akanionyesha michungwa yake kana kwamba siioni kila siku. Mia mbili na arobaini, yote ameibebesha kwa mkono: shina la mlimao chini, kikonyo cha mchungwa juu, kitambaa kimefungwa kwenye kidonda. Vikonyo vyote alivikata kwenye mchungwa wa marehemu baba yake, wiki moja kabla haujang'olewa kupisha barabara. Duniani haupo tena mti ule ila ndani ya miche hii. Jumanne anakuja mkaguzi wa chuo cha kilimo. Ikipita, chuo kitaichukua yote na mume wangu ataajiriwa kutunza shamba la mbegu. Miaka miwili ameingoja siku hiyo. Akanisihi niimwagilie asubuhi na jioni, nisiitoe kivulini. Nikamwapia kwa mapenzi yetu.

Niliporudi kutoka kituoni nikakuta kuku wa jirani wamefukua makopo yote. Yote! Mmoja alikuwa amelala ndani ya kopo.

Nikakaa chini. Kesho sherehe. Halafu nikatazama dirishani. Kitaluni kumejaa kijani. Mia mbili na arobaini, hesabu ileile!

Siyo kuitoa. Ni kuiazima. Itakaa mezani kwa saa tatu tu, ipendeze, irudi. Naye hatajua mpaka nitakapomwambia, tucheke pamoja uzeeni. Kuhusu zawadi za wageni nitasema zimechelewa.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi ulikuwa kama bustani ya peponi! Wageni waliingia wakanyamaza. Mama Baluni alikuja bila kualikwa, akasimama mlangoni, mdomo wazi. Niliutazama mdomo ule kwa muda mrefu.

Kipaza sauti kiliendeshwa kwa baiskeli. Mfagizi wa wodi alikubali kupiga pedali. Muuguzi mkuu akasimama, akaanza kuwataja wagonjwa waliofia mikononi mwake miaka thelathini na tano. Kwa jina la kumi na nne mfagizi akachoka. Sauti ikazama. Mama wa watu akaendelea kutaja, hatukusikia, tukaona midomo tu. Watu walilia kuliko ambavyo wangelia wangesikia.

Kisha katibu wa kamati akasimama na tangazo langu mkononi. Akasoma mstari wa mwisho. Akasema, kama tulivyoahidiwa, kila mtu achukue mche wake. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Akaniita mbele.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nakiri hapa, kwa kuwa hiki ni kitabu changu na hakisomwi na mtu. Mdomo niliufungua. Lakini makofi yale! Mama Baluni naye alikuwa akipiga, kwa kulazimika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walitufundisha shuleni, nami nilipata alama zote katika methali. Nikainama kwa heshima. Nikainama mara tatu.

Ndani ya robo saa meza zilikuwa tupu. Mama Baluni alichukua miwili, mmoja kila kwapa. Ukumbini haikubaki taka hata chembe.

Jumapili, 9 Machi

Miguu imevimba. Nimezunguka mji mzima tangu alfajiri kuomba miche irudi.

Mpishi wa hospitali wake umeliwa na mbuzi. Daktari wa meno wake uliachwa kwenye gari likiwa juani, umekauka kama kijiti. Wauguzi wanne walishaigawa yao kwa majirani, majirani hawakumbuki. Mwingine aling'oa kile kitambaa kwa kuwa alikiona kichafu, na kikonyo kikatoka nacho. Mama Baluni alinisikiliza hadi mwisho, akasema pole sana mwenzangu, mimi yangu nimeipenda. Akafunga mlango.

Mzee wa chumba cha maiti alikuwa makaburini. Wake ameupanda juu ya kaburi la mkewe. Nilimngoja amalize kulia, ndipo nikamwuliza kama angeweza kuurudisha. Alinitazama. Akaanza kulia upya. Nikaondoka.

Nimekusanya tisa.

Mume wangu alifika jioni, mikono ina lami ya paa. Alinibusu. Akapitiliza kitaluni. Nikamsikia akisimama.

Nilimweleza yote kutoka nyuma yake, kwa haraka. Nikamwambia makofi yalikuwa ya sisi wawili. Hakugeuka. Baadaye aliuliza jambo moja tu: kama kuna yeyote niliyemwambia kwamba ule ulikuwa mti wa baba yake. Nikasema hapana, sikutaka kuwaharibia sherehe.

Hakufoka hata kidogo! Mwanamume mpole namna hii nilimpatia wapi?

Jumanne, 11 Machi

Mkaguzi alikuja na begi la fomu. Chuo hakipokei chini ya miche mia mbili. Alihesabu tisa mara mbili, labda kwa huruma, akapiga mstari kwenye fomu, akaiacha mezani pamoja na zile nyingine kwa kuwa hazina kazi tena. Alimshika mume wangu bega. Mimi nilileta chai. Haikunywewa.

Mume wangu hajasema neno tangu Jumapili. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Naona ananiandalia kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Ameondoka asubuhi kwenda kwa wifi. Nilimwuliza kama paa linavuja tena. Akasema hapana.

Amebeba miche tisa kwenye sanduku la mbao, ameikumbatia njia nzima hadi kituoni. Nguo zote ameziacha! Shati, viatu, mpaka mswaki. Mtu asiyerudi angeacha nguo? Nimelala na shati lake la bluu. Linanuka mbolea na yeye.

Jumapili, 16 Machi

Wifi amepiga simu. Sauti yake kavu. Akasema kaka yake hali chakula vizuri, hazungumzi, na nisije kwanza, tafadhali sana mke wa kaka, nisije. Nikamwuliza mchana anafanya nini. Akasema anakaa tu uani, chini ya kivuli, na miche yake tisa, ua wenyewe mkubwa hauna mtu.

Ua mkubwa! Kivuli! Mapambo yamo tayari!

Nimeanza kuandika mialiko. Sherehe ya mwezi mmoja wa ndoa, ya kushtukiza, ya kijani kabisa. Karatasi nimezipata bure, zile fomu za mkaguzi, upande wa nyuma mweupe. Nimealika wafanyakazi wa hospitali wote. Nimemwalika hata Mama Baluni, ili aone mapenzi ni nini.