Tafadhali Msiegemee Ukuta

Bwana D.C., ambaye gari lake linatarajiwa kupita hapa wakati wowote, Chifu wetu mpendwa, wazee wa kanisa, walimu, akina mama mlioomba ruhusa shambani kwa Bwana Mkubwa, na wewe Bwana Nyongesa wa reli uliyekuja na kiti chako mwenyewe: hamjambo! (Hatujambo!) Hamjambo tena! (Hatujambo, endelea, jua ni kali!)

Mimi, Hiram Waithaka, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Majengo ya Shule, mtu niliyefika Mombasa mara mbili, nasimama mbele ya jengo la kisasa, la standadi ya juu, ambalo kwa mujibu wa pulani limekamilika asilimia mia moja kwa upande wa barabarani. (Makofi. Kicheko.)

Mnakumbuka darasa la zamani lilivyoanguka wakati wa mvua, likamvunja mkono mtoto Naliaka. Kamati yangu ilifanya uchunguzi wa kina, chai ikanyweka, na ripoti ikaonyesha kwamba kosa si la ule udongo mweupe kama unga, wa machimbo ya Kariandusi, tuliotumia mahali pa simiti, maana cheupe ni cheupe. Kosa ni la watoto, waliokuwa wakiimba hesabu kwa nguvu kupita kiasi. (Mama Naliaka: "Mwenyekiti, Jumatatu watoto watakaa wapi?") Swali zuri, mama, nalipokea kwa mikono miwili na kulitia katika ajenda. ("Wewe unayo miwili! Wa mtoto wangu haunyooki mpaka leo!") Askari, mpeleke mama kivulini. (Askari anatafuta kivuli. Hakuna.)

Safari hii tumetumia udongo uleule, lakini kwa uangalifu mkubwa zaidi, na ni mwepesi, hata ukimwangukia mtu atachafuka tu. Paa, madirisha na kuta zile nyingine ziko katika fikira za Kamati.

Ah, vumbi lile! Ni yeye! Pungeni mikono, msirukeruke! (Gari linapita.) Ameona! Ametabasamu! Elimu juu! (Juu!) Kamati juu! (Kimya.)

Basi nawashukuru nyote, na hasa akina baba walioushikilia ukuta kwa nyuma tangu asubuhi. Kazi imekwisha, mnaweza kuuachilia.

(Mama Naliaka, akizunguka nyuma: "Wazee, mmesikia. Mwenyekiti amesema muachilie.")

La, mama, ngojeni kwanza nitok—

(Vumbi jeupe. Makofi marefu.)