Hakuna Alasiri ya Saa Kumi na Sita

Jumamosi, 8 Novemba; mwezi 17 Mfunguo Nane

Alhamdulillahi. Binti yangu Nusrat amejifungua mtoto wa kiume huko Mbeya, kabla ya adhuhuri. Mama na mwana ni wazima. Akika, atakaponyolewa nywele na kupewa jina, ni Ijumaa, baada ya alasiri.

Goti langu la kulia halivumilii tena basi la kutoka hapa Mafinga hadi Mbeya. Jambo hilo nililiona mapema, nikalipangia. Nitahudhuria kwa simu ya video. Mtoto ataitwa Idrisa, jina la marehemu baba yangu, aliyefundisha Kurani katika mji huu wakati misonobari ya msitu wa Sao Hill ilikuwa bado miche. Nusrat ameridhia. Mumewe ameridhia. Amebaki baba mkwe wake, Bwana Anwari, mfanyabiashara wa mchele, anayetaka mtoto aitwe Rayan. Nusrat anasema mzee huyo ametoa hukumu mbele ya ukoo: babu mzaa mama akihudhuria, yeye ndiye atakayetaja jina, na aliye kwenye simu atahesabiwa amehudhuria, maadamu anaonekana.

Nitaonekana.

Jumapili, 9 Novemba

Tatizo. Simu hii aliyonitumia Nusrat mwezi uliopita ilifanya kazi siku moja tu. Sura yake niliiona angavu, hata hereni. Kesho yake nikaisahihisha saa ya simu, kwa kuwa saa moja ya asubuhi ilikuwa ikiiita saa saba. Uongo usiostahili katika nyumba ya mwalimu wa madrasa. Nikairudisha nyuma mpaka ikasema kweli. Tangu hapo video hazipiti. Sioni uhusiano. Naamini simu ilikuja na mtandao wa Mbeya ndani yake, nao ukaisha.

Mke wangu Mwanakhamisi ameuliza kwa nini nisipige simu ya kawaida kwa kitochi chake cha vibonyezo. Nimemweleza kwamba kitochi hakionyeshi sura. Amesema sura yenyewe Mbeya wanaijua, nao hawajalalamika kuikosa. Nimevuta subira.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeingia kwenye mipangilio ya simu. Ni pori. Nimewasha hali ya ndege, nikaizima. Nimehamisha laini kutoka tundu la kwanza kwenda la pili. Nimeacha 4G nikachagua 3G, kwa hoja kwamba kiendacho taratibu hakina ajali. Hakina ajali, ila hakikufika.

Kisha simu ikaandika kwamba tarehe na saa yangu si sahihi. Nikayasoma maneno hayo mara tatu. Hatimaye nikaelewa: imetambua yenyewe kwamba kalenda ya Kizungu si ya nyumba hii. Nikatafuta Mfunguo Nane katika orodha ya miezi. Haumo. Nimechoka.

Jumanne, 11 Novemba

Jirani yangu Clement, mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri, ameshinda barazani kwake akitazama kwaya kwenye simu. Haikukwama hata mara moja. Mtandao wake ndio wangu. Mnara wake ndio wangu. Nilimuuliza siri yake. Alijibu kwamba tangu anunue simu hiyo hajagusa chochote. Jibu la mtu anayeficha jambo.

Nikarudi ndani, nikaenda, humo humo kwenye mipangilio, mahali paitwapo APN. Nilikuta maneno ya Kiingereza, nikayafuta. Nikaandika Bismillahi, maana kila jambo jema huanzwa kwayo. Data ikatoweka kabisa. Nia yangu ilikuwa safi.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeweka upya mipangilio yote ya mtandao. APN imerudi na Kiingereza chake. Video bado.

Nikapata shauri la kutafuta mwinuko. Clement ana rundo la mbao nyuma ya nyumba, alizozipanga zikauke. Nikalipanda na kanzu yangu, simu mkononi. Manyunyu yakaanza. Goti likaniambia nilichokwisha kujua. Clement akatoka, akaniangalia kwa upole mkubwa.

“Mwalimu,” akasema, “ukizidi kupanda utafika kabla ya kuitwa.”

Akanishusha. Akaichukua simu, akauliza kwa nini inasema 04:00, saa za alfajiri, ilhali jua limeshapanda. Nikamwambia inasema saa nne kwa sababu ni saa nne. Akadai kwamba simu isiyokubaliana saa na wenzake haipokelewi huko mitandaoni, na kwamba niiache ijipange yenyewe.

“Mwinjilisti,” nikamjibu, “mimi naswali alasiri saa kumi. Hakuna alasiri ya saa kumi na sita.”

Akasema Walutheri wameizoea. Nikamwambia ndiyo maana.

Alhamisi, 13 Novemba

Nusrat amempigia mama yake kwenye kitochi. Sauti yake ilikuwa chini. Bwana Anwari ameagiza keki yenye jina Rayan kwa rangi ya kijani. Amesema pia kwamba hana ubaya nami, ila mtoto hawezi kusubiri mtandao wa Mafinga.

Sikula. Baba hakuacha nyumba wala shamba. Aliacha wanafunzi, nao wengi wamekwisha kufa. Likimpita mjukuu wangu jina hili, hakuna mwingine wa kulibeba. Nusrat ndiye mtoto wangu pekee aliye hai.

Nimeswali rakaa mbili za haja. Kisha nimerudisha 4G. Kisha tena 3G.

Ijumaa, 14 Novemba

Nilivaa joho. Mwanakhamisi aliniegemezea simu kwenye mtungi wa maji, nami nikakaa wima mbele yake kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Saa kumi na nusu ikafika. Kile kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Kikaandika tena habari za tarehe na saa.

Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimeshindwa, na nilijua jina la baba linafutwa wakati huo huo, huko Mbeya, kwa sukari ya kijani.

Mwanakhamisi akanisogelea. Akaniwekea kitochi kiganjani. Alikuwa amekwisha kupiga. Nikasikia watu, sahani, na mtoto akilia kwa nguvu. Kisha sauti nzito ya Anwari.

“Mwalimu, sikuoni, lakini nakusikia. Taja jina. Wembe uko kichwani kwa mtoto.”

Nikasoma dua. Katikati sauti ilinikatika, wala si kwa sababu ya mtandao. Nikataja: Idrisa. Halafu ikaja amin ya chumba kizima, na ya Anwari ikiwa juu ya zote. Akaongeza kwamba keki italiwa hivyo hivyo.

Sura yangu wakati huo haikufaa kuonyeshwa mtu.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimetafakari. Sina shaka kwamba marekebisho yangu ya wiki nzima, hasa ile 3G, yalisafisha hewa ya nyumba yote, hata kitochi kikanufaika. Nimemweleza Mwanakhamisi. Amekwenda kuchambua mchele.

Asubuhi Clement alikuja kunipongeza. Nilipokwenda kumletea kahawa aligusagusa simu yangu. Mara picha zikamiminika. Idrisa kapakatwa na Anwari, wote wawili wamefumba macho. Nilizitazama hadi adhana ya adhuhuri.

Niliporudi kutoka msikitini nikaona pembeni mwa kioo: saa kumi na tatu. Astaghfirullah. Ndani ya nyumba hii! Nikairudisha kwenye haki.

Alasiri Nusrat ametuma picha nyingine, ambayo anasema ndiyo nzuri kuliko zote. Inazunguka tu. Nimetoka nje nikatazama upande wa Sao Hill, na sasa nimejua. Ni misonobari. Imerefuka mno tangu enzi za baba. Jumatatu nitakwenda kuzungumza na watu wa msitu.