Barua ya Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 10 Machi 2025

Siku ya kwanza kazini. Ghala la maparachichi, Njombe mjini. Ukungu, baridi, vidole havikunjiki. Nimepewa oveni mpya kwa sababu nilisema kemia nilipata C. (Nilipata D. C ilitoka yenyewe.) Kazi: kata vipande, pima, kausha, pima tena. Tunda likiwa maji matupu, halijakomaa. Likichumwa hivyo haliivi kamwe, linasinyaa tu.

Niko kwenye majaribio hadi Jumamosi. Nikishindwa, narudi Mdandu kulima viazi na kumsikiliza baba akisema alijua tangu mwanzo.

Mizigo mitatu leo. Miwili ni maji. Nikampelekea meneja, Bosi Hilari. Alipaza sauti mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Akauliza oveni ilinunuliwa ilete biashara au ilete msiba. Lori la Ijumaa litaondoka limejaa, akasema, na mwenye habari mbaya aje nayo pamoja na barua ya kuacha kazi.

Nikasema sawa. Mimi kila kitu nasema sawa. Inachosha.

Jumanne, 11 Machi

Faustine, mpanga kreti, kanionea huruma. Ana miaka miwili hapa. Kanipeleka kwenye mparachichi wa zamani karibu na kibanda cha mlinzi. Matunda yake yamekomaa vizuri. Kausha haya, akasema, halafu andika ni ya wakulima. Kila mzigo unapita, Bosi anatabasamu, wote tunakula. "Huu ndio ubunifu, mdogo wangu!"

Kadi za kreti ameshazigonga muhuri wa IMEPIMWA. Zote. Mpaka za Juni.

Nilikataa kabisa! Moyoni. Mdomo ulisema sawa.

Mizigo minne leo. Yote imepita. Bosi kaniita hazina ya kampuni. Usiku sikula.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata mbinu. Mwenye kampuni ni Mama Rehana, anakaa Makambako. Nitamwandikia barua bila jina. Nani atajua? Nimeandika kwa mkono wa kushoto ili hata mwandiko usinijue. Imechukua saa mbili na nusu. Herufi zimelala kama nyasi baada ya mvua ya mawe, lakini kila kitu kimo: oveni, mparachichi, kadi za Juni.

Mpangilio safi pia. Anwani, tarehe, kichwa cha habari kwa herufi kubwa. Kwenye mtihani wa kujipima nilikatwa alama mbili kwa kusahau vitu hivyo. Sisahau tena.

Nimempa Issa, dereva wa lori, aliyekuwa anarudi Makambako. Shangazi Dorika, ninayekaa kwake, kauliza mbona mkono wa kushoto una wino. Nikasema baridi. Kaniangalia sana.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeshtuka saa kumi alfajiri. Barua rasmi inamalizwaje? Wako mtiifu. Sahihi. Jina kamili!

NIMEWEKA JINA. Ema Elius. Kwa mkono wa kushoto, na mstari chini yake.

Nikampigia Issa kwa simu ya shangazi. Kasema nisiwe na wasiwasi kabisa, barua imefika salama, Mama ameisoma mara mbili.

Faustine kaniuliza nani kafariki.

Ijumaa, 14 Machi

Mama Rehana kaja kabla lori halijaondoka. Tukapangwa mstari kama gwaride la shule. Yuko kwenye mfungo, anaongea polepole, hapigi kelele. Ilitisha zaidi. Kakaa juu ya kreti, kauliza oveni inasemaje. Bosi Hilari kasema vizuri sana, Mama, kila mzigo unapita.

Mama akatoa parachichi kwenye mkoba. Limesinyaa kama kiatu kilichokaukia juani. Kasema mteja amemrudishia kreti arobaini za hivyo, za lori lililopita. Nani alijua?

Macho yake yakanifikia. Hii ndiyo nafasi yangu! Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Sawa."

Akachukua barua yangu. Lakini jina hakulisoma. Kasema tu kaandikiwa na mtu anayejua kuandika barua, akaikunja.

Hapo mlinzi, mzee Efraimu, akakohoa. Kasema yeye hajui mambo ya oveni, anauliza tu mti wake umekosa nini, maana Faustine anauchuma kila siku na watoto nyumbani hawajaonja hata moja. Watu wakacheka. Faustine akakiri. Kisha wote wakaanza, kila mtu na lake, mpaka saa sita. Hata mizani ya mlangoni ni mbovu!

Bosi Hilari kauliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Mama kamjibu taratibu: "Ukimfokea mleta habari, Hilari, kesho atakuletea nyimbo."

Lori halikuondoka. Wakulima wameambiwa wayaache matunda mtini kwanza.

Jumamosi, 15 Machi

Nimebaki kazini! Mama kaniita pembeni. Kasema nikiwa na jambo nisiandike, mwanangu, nimpigie tu. Hata kama kosa ni langu. Kanipa namba. Nikaitikia kwa kichwa mara nyingi.

Faustine anachoma kadi za Juni nyuma ya ghala. Bosi Hilari kanisalimia kwa sauti ya chini, kauliza mzigo wa leo ukoje. Nikamwambia ni maji. Akameza mate, akasema asante. Inaonekana inamuuma.

Jumatatu, 17 Machi

Jumamosi sikuzima oveni. Nimeikuta asubuhi. Vipande ni mkaa, waya umeyeyuka, ghala lote linanuka. Hakuna aliyefika bado.

Namba ya Mama ninayo. Vocha ninayo. Nimeishika simu ya shangazi mpaka imepata joto.

Nimeandika barua. Mkono wa kushoto. Safari hii nimekuwa makini, jina sikuweka popote. Chini nimeandika tu: Ni mimi tena, wa oveni.

Issa anaondoka nayo saa tatu.