Mlima Uitwao Ben Lomuria

Jumatatu, 6 Februari 1995. Lodwar.

Nimepata kazi! Yaani, bado hakuna aliyenipa, lakini nimeiona.

Mhandisi wa maji, Mwingereza, amerudi kwao na kugawa vitu vyake. Watu waligombea sufuria. Erupe, dereva wa shirika la misaada, alibeba godoro. Mimi nikachukua koti la mvua, buti, soksi za sufu, na kitabu cha kupanda milima ya Uingereza. Erupe akanicheka mbele ya watu. Acheke. Godoro halijampeleka mtu popote.

Nimesoma hadi macho yakauma. Kumbe Wazungu hupanda mlima asubuhi, hula mkate kileleni, hushuka jioni. Na hakuna mbuzi aliyepotea! Wanapanda tu. Halafu kuna mtu anaitwa Ben. Mlima wa Ben Nevis ni wake. Ben Lomond ni wake. Ben Macdui pia. Tajiri wa kutisha. Hata chifu wetu hana kilima kimoja.

Kile cha nyuma ya mji hakina mwenyewe. Kuanzia leo kinaitwa Ben Lomuria, kwa jina langu.

Dada Nakaale, ambaye nakaa kwake, amesema nisipopata kazi wiki hii nitarudi Lokichar kuchunga mbuzi wa baba. Nimemwambia anaongea na mwongoza wageni. Akanipa mtungi nikachote maji.

Jumanne, 7 Februari

Nimemwendea Bi Hilary, mkubwa mpya wa Erupe. Nilimkuta kivulini, uso umeiva kwa jua. Nikamsalimu kwa Kiingereza cha kitabu: nikamuuliza anauonaje ukungu wa leo. Akatazama juu. Mvua mara ya mwisho ilinyesha sijui lini.

Nikamwambia ninaijua sana milima ya Uskoti. Si uongo, nimefika katikati ya kitabu. Akafurahi! Akasema kwao alikuwa akipanda kila Jumamosi, na hapa anaumwa na hamu. Nikamwalika Jumamosi hii. Akiridhika, ataniandika kazi ya kuwapandisha wageni wote wanaopitia hapa kwenda kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

Erupe akaingilia. Akasema kile kilima ni mawe matupu, afadhali ampeleke Kalokol akaone ziwa na kula samaki. Bi Hilary akajibu kwamba ziwa halitahama, watakwenda Jumapili.

Ha! Nikampungia Erupe mkono kwa heshima. Heshima ya kuudhi.

Jumatano, 8 Februari

Kitabu kinasema njia nzuri huwekewa marundo ya mawe, ili mpandaji asipotee kwenye ukungu. Ukungu hatuna. Mawe tunayo!

Nimejenga tangu alfajiri. Marundo marefu, mapana, yaliyopangwa vizuri, kutoka chini hadi kileleni. Mgongo umekwisha. Wachungaji walipita, nikawasalimu, ejok. Hawakuitikia. Wakazungusha mbuzi wao mbali kabisa na njia yangu.

Wivu.

Alhamisi, 9 Februari

Mambo ya ajabu. Watu wanaacha tumbaku juu ya marundo yangu. Wanapenda kazi yangu! Nimeikusanya yote. Tumbaku nzuri.

Halafu, kwenye rundo moja la kati, nikamkuta mama Awoi, jirani yetu, amekaa chini analia. Mume wake alikwenda Kataboi na ngamia, hakurudi, mwaka wa pili sasa. Akaniuliza ni nani aliyemzika hapa bila kumwambia yeye.

Nikamwambia, mama, hili si kaburi, ni alama ya njia.

Akauliza, njia ya kwenda wapi?

Nikasema, juu.

Akalia zaidi.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba sisi huwafunika wafu wetu kwa mawe, na kuwaachia tumbaku juu yake. Jambo dogo, lakini kitabu hakikulitaja. Mwandishi mzembe sana.

Ijumaa, 10 Februari

Erupe ametangazia soko zima kwamba Lomuria anazika watu kilimani. Mchana chifu akaniita. Akataka kujua ni kina nani.

Ningeeleza, lakini angebomoa marundo, na kesho mgeni anakuja. Nikajibu kwamba ni jambo la siri linalohusu Waingereza, atapata habari Jumatatu. Chifu akasogea karibu. Akauliza kwa sauti ya chini kama walikufa kwa risasi. Nikasema hilo kwa sasa siwezi kulizungumzia.

Kama waziri! Nilitoka kifua mbele.

Jumamosi, 11 Februari

Kitabu kinaonya: usiudharau mlima, usitoke bila koti la mvua na soksi nene za sufu. Nikavaa vyote. Bi Hilary alikuja na kofia na chupa ya maji tu. Asiye na uzoefu. Erupe akatufuata nyuma, eti analinda usalama.

Hatujafika mbali, jasho likawa linacheza ndani ya buti. Bi Hilary akaniuliza kwa upole kwa nini nisivue koti. Nikamwambia mlima hubadilika ghafla.

Ukabadilika. Tulipokata kona: chifu, polisi wenye sururu, na nusu ya Lodwar. Wanawake wakapiga yowe. Mama Awoi mbele kabisa.

Sajenti akaniamuru nifukue. Nikasema hakuna mtu humo.

“Fukua!”

Nikafukua. Rundo la kwanza, nge. Lililofuata, nge mwingine, mkali zaidi. Kilio kikaanza kugeuka kicheko. Bi Hilary akauliza wanatafuta nini, Erupe akamtafsiria. Sijui alisema nini, lakini bibi yule alisogea mbali nami.

Kisha jua likazunguka. Nilipozinduka nilikuwa mgongoni kwa Erupe, kichwa kinaning'inia, tunashuka. Aibu gani hii! Bi Hilary akapanda peke yake hadi kileleni, akarudi nikiwa bado nanyweshwa maji. Hata hakuuliza mlima unaitwaje.

Jumapili, 12 Februari

Erupe amempeleka Kalokol. Nakaale amefunga nguo zangu kwenye shuka na kuziweka mlangoni.

Mama Awoi alikuja na kibuyu cha maziwa. Akasema polisi walimalizia kufukua marundo yote, na yeye alisimama kwenye kila moja akitazama. Mume wake hakuwemo. Jana alilala hadi asubuhi, na hakuwa amelala hivyo tangu mumewe apotee. Akanishika mkono, akaushikilia.

Nikamwambia huduma yetu ipo kila Jumamosi.

Jumanne, 14 Februari. Kakuma.

Sikwenda Lokichar. Nimedandia lori la mahindi hadi hapa. Wazungu tele! Na Pelekech, mlima wa kweli, unaonekana kutoka kambini.

Nimefikiri njia nzima. Kosa lilikuwa mawe. Mawe hayajielezi, kila mtu anawaza lake. Safari hii nitasimamisha nguzo za mbao, nyeupe, kila moja na ubao wa kupita katikati, ulioandikwa jina la mgeni na tarehe aliyopanda. Nani atakosea hapo?

Nimemwona Deng, fundi seremala kutoka Sudan. Nikamwagiza aanze na ya Bi Hilary, tarehe 11 Februari 1995. Deng akavua kofia. Akaniambia pole sana, akauliza alikuwa na umri gani.

Watu wa hapa wana adabu. Nimemwagiza atengeneze na yangu.