Rufaa Yangu kwa Mngoni

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Chuo cha Dar kimenikataa. Mimi, Tawakali! Ujumbe umeingia kwenye simu ya Nusaiba, maana yangu ilizama mwezi wa saba nikiwavusha wageni kwenda Kisiwani, na sasa nina kitochi tu, simu ndogo ya vitufe. Akausoma kwa sauti mbele ya Mama, polepole, kama tangazo la msiba. Yeye chuo hicho hicho kimemchukua. Nusaiba ni mtoto wa shangazi yangu, tunakaa nyumba moja hapa Masoko, na tangu darasa la kwanza ananizidi kwa kila kitu isipokuwa akili.

Sababu ya kukataliwa: Jiografia. Nimeomba uongozaji watalii, wananitaka Jiografia! Magofu ya Kisiwani hayajahama tangu enzi za masultani. Nani atapotea?

Chuo cha Lindi kimenichukua. Afya ya mifugo. Niliomba ili kumridhisha Mama. Wanataka nithibitishe kabla ya Jumapili saa sita usiku, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mwaka jana nilikosa vyote viwili kwa sababu ambazo sitaziandika hapa. Mjomba Ahmadi ameshasema nikikosa tena ananipeleka Njinjo kumwokotea korosho mpaka niote mvi. Mama hakumpinga. Hilo ndilo limeniuma.

Simthibitishii mtu mbuzi. Nakata rufaa.

Jumanne, 9 Septemba

Rufaa inataka barua ya mtu anayenijua. Nimekwenda kwa Mwalimu Likwata, aliyenifundisha miaka minne. Nikampa shikamoo mbili, moja ya mlangoni na moja ya kwenye kiti. Akaandika sentensi mbili. Ya kwanza: Namfahamu Tawakali. Ya pili: Alisoma hapa.

Nikamwomba aongeze kidogo, kitu kuhusu kipaji changu. Akashika kalamu, akatazama dirishani muda mrefu, akaongeza: Ana afya njema.

Nimerudi nyumbani na hasira. Nusaiba kaisoma, kasema angalau hakuna uongo ndani yake.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata njia! Nimeuangalia tena ule ujumbe wa kunikataa. Chini kabisa kuna jina na namba ya afisa udahili: Evaristo Ngonyani. Mngoni! Na sisi ni Wangindo. Mtani wangu amekaa kwenye kiti cha udahili, na mimi nahangaika na Mwalimu Likwata.

Nikamuuliza Bibi Kijakazi, mama yake baba, mtani anaombwaje. Akasema mtani haombwi, mtani ananyang'anywa. Akanikumbusha msiba wa Babu. Wangoni walikuja mazikoni, mmoja akalala ndani ya kaburi, akagoma kutoka mpaka alipopewa jogoo. Watu walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja. Hakuna aliyenuna, maana utani hauna kununa.

Basi barua ya Likwata nimeiweka pembeni, nikamsomea Nusaiba rufaa mpya aiandike kwenye simu yake. Nimeanza kwa kumnyima Ngonyani shikamoo. Nikamweleza kwamba babu yake alipita kwetu na mkuki, anakimbia hata kinachomkimbiza hakijui, akaomba maji kwa babu yangu. Akapewa kwenye kata. Akanywa, akaondoka na kata. Mpaka leo haijarudi. Sasa mimi sidai kata. Nadai nafasi moja ya uongozaji watalii, na hapo tutakuwa tumelipana.

Nusaiba akaacha kuandika, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Nikamwambia aweke chini namba ya kitochi changu, atume. Katuma, ila kasema mkono ni wake, akili si yake.

Ijumaa, 12 Septemba

USHINDI. Natoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kitochi kinaita, namba ya Dar. Sauti nzito ikaniuliza kama huyu ndiye yule mtumwa wake aliyetoroka na viatu. Nikajua ni yeye. Akacheka kwa muda mrefu, kwa vocha yake mwenyewe. Akasema nafasi yangu ipo, imekaa inanisubiri, nije Jumatatu na jogoo wawili weupe na mkeka, kwa sababu nitalala mlangoni kwake nikimfukuzia mbu.

Kisha akabadilisha sauti, akaanza habari za akaunti yangu ya maombi na barua rasmi. Nilishakata simu, nakimbia kumwambia Mama.

Mama kapiga kigelegele kilichosikika mpaka sokoni. Majirani wamekuja kunipa mkono. Mama akalia kidogo, akanishika shavu mbele za watu, akasema alijua tu Mungu hamtupi mja wake. Nimejisikia mkubwa kuliko ngome ya Kisiwani. Bibi nilipomsimulia maneno ya Ngonyani alicheka mpaka akaegemea ukuta. Furaha imemzidi, masikini.

Nusaiba peke yake kauliza kama nimepata jibu la maandishi. Nikamwambia maandishi ni ya watu wasio na watani. Akatoka nje na simu yake. Wivu.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku nzima natafuta jogoo. Mmoja mweupe kanipa Bibi, huku bado anacheka. Wa pili hakuna Masoko nzima. Nimepata mwenye madoa meusi, nikampaka chokaa ya ukutani. Akikauka hatofautiani na mwenzake, ila anapiga chafya.

Nimekutana na Mwalimu Likwata karibu na soko la samaki. Kauliza kilichompata jogoo. Nikamwambia ni mweupe tangu kuzaliwa. Kamtazama, kasema huyu hana afya njema.

Mjomba Ahmadi kapiga simu, kauliza kama Lindi nimethibitisha. Nikamjibu kwa heshima kwamba atafute mwokota korosho mwingine. Nusaiba naye kanifuata mara mbili anataka kuniambia kitu kuhusu Lindi. Mara ya pili nikamwambia wivu ni ugonjwa, aende hospitali ya wilaya. Akasema haya, safari njema.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika nikiwa nyumbani. Ndiyo, nyumbani.

Nimepanda basi la Dar asubuhi na mkeka na jogoo wangu. Jirani yangu kwenye siti alikuwa mama mmoja mwenye baibui jipya jeusi. Kufika Nangurukuru jogoo ana madoa, baibui lina chokaa.  Yule mama alinitazama tu, na huko kutazama kulikuwa kubaya kuliko matusi.

Basi likasimama Somanga, watu wanunue samaki wa kukaanga. Nikaona ni adabu kumjulisha mwenyeji wangu kwamba nakuja. Nikampigia. Nyuma yake nilisikia kwaya, nadhani alikuwa anatoka kanisani. Nikamwambia ajiandae, mtumwa wake yuko Somanga na jogoo wawili, mmoja na nusu weupe.

Akacheka. Nikamwambia na mkeka ninao. Akaacha kucheka. Akauliza kama nasema kweli. Nikamwambia sikiliza, nikamminya jogoo akalia.

Halafu akaniita kijana wangu, na nilipoitwa kijana wangu na Mngoni nikajua mambo yameharibika. Akasema jibu la rufaa liko kwenye akaunti tangu Ijumaa asubuhi: imekataliwa, Jiografia ni Jiografia. Alinipigia kwa sababu barua yangu ilichekesha ofisi nzima, akataka kunirudishia utani kisha anieleze ukweli kwa upole, nikamkatia simu. Akauliza kama kuna chuo kingine kilichonichukua. Nikasema Lindi. Akauliza mwisho wa kuthibitisha lini. Nikasema leo. Akaniambia nishuke kwenye hilo basi sasa hivi.

Nimeshuka. Niliogopa, naandika wazi. Namba ya siri ya kuthibitishia iko kwenye simu ya Nusaiba, kitochi hakina intaneti, basi linaondoka, na mimi nimesimama barabarani na mkeka. Kichwani nilimwona Mama anawaeleza majirani. Nilimwona na Mjomba Ahmadi, ananipa gunia.

Nikampigia Nusaiba. Nikamwambia nisamehe, nithibitishie Lindi. Akasema alishathibitisha tangu Ijumaa, pale aliposikia habari ya jogoo wawili na mbu, na alikuwa anajaribu kuniambia nikampeleka hospitali.

Sasa hapo ndipo nilipokwama. Nusaiba ni binamu yangu. Binamu ni mtani. Je, alikuwa ananitania? Nikamwomba aape. Akaapa wallahi, huku anacheka. Mtu anayeapa huku anacheka umweke wapi? Nikamwambia aape bila kucheka. Akajaribu, akashindwa, akasema karibu nyumbani, daktari wa mbuzi.

Nimerudi juu ya Fuso la chumvi, jogoo mapajani, sijui nina chuo au sina. Njia nzima nilimwomba Mungu mifugo. Mimi, niliyeikataa! Nikataja ng'ombe, nikataja mbuzi, nikataja mpaka nguruwe, nikaomba toba.

Nyumbani Nusaiba alinionyesha simu. Imethibitishwa, Ijumaa, saa kumi jioni. Nimesoma mara tatu. Machozi yalikuwa karibu sana. Nilitaka kumshukuru, lakini nilichosema ni kwamba hana ruhusa ya kugusa mambo yangu. Akasema naam, bwana. Mama akaniuliza Dar imekuwaje. Nikamwambia nimeamua Lindi, nimefikiri sana. Mama akanitazama mimi, akamtazama yule jogoo, akaenda kuniwekea chakula.

Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Rasbura, Lindi. Nimepanga chumba kwa rafiki wa Mama. Chuo si kibaya. Mama akinipigia ananiita daktari, hata kuniuliza nimekula anasahau. Tatizo ni moja tu: mazoezi ya zizini, kila siku kabla jua halijachomoza. Jana mbuzi kanipiga teke, darasa zima likaandika dalili.

Ruhusa ya kuhamia zamu ya jioni inatolewa na Mama Debora, msimamizi wa mazoezi, na mwisho wa kuomba ni kesho. Nusaiba kanishauri kwa simu kutoka Dar niende ofisini kwake, nimpe shikamoo, nimwombe kama watu wanavyoomba. Kama watu! Ndiyo maana hatafika mbali.

Nimekaa nikatafakari kwa kina kosa langu la Septemba, na nimeligundua. Njia ilikuwa sahihi kabisa. Kabila ndilo halikufaa.

Nimefanya uchunguzi. Mama Debora ni Mnyamwezi wa Tabora, na mtani wa Mnyamwezi ni Mzaramo. Barua iko tayari, ina matusi mazuri sana, nimeipitisha chini ya mlango wa ofisi yake jioni hii. Kuanzia kesho asubuhi mimi ni Mzaramo.